Safari ya Reli Baina ya Mombasa na Nairobi: Nasaha kwa Jamaa wa Kiislamu

Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika mahali pengi pa Kitabu chake, ametuhimiza tutembee katika ardhi na tutazame kwa macho ya kuzingatia. Kwa hiyo safari kwa Muislamu si kuhama tu kutoka nyumba hii mpaka nyumba ile. Ni chuo miongoni mwa vyuo. Lakini chuo hiki chataka matayarisho. Msafiri asiyejitayarisha hupata hasara mbili: hupoteza raha ya safari yake, na pengine hupoteza sala yake. Hasara ya kwanza ni nyepesi, kwani ya dunia hupita. Hasara ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kila inapokaribia likizo ya skuli, wazazi huja chuoni kuaga kwamba watoto wao hawatahudhuria juma moja au mawili; wanakwenda Nairobi kwa gari la moshi kuwatazama jamaa. Mimi huwaombea salama, khalafu huwauliza swali moja: "Alasiri mtaisali wapi?" Wengi hunyamaza. Basi nimeona ni kheri niyaandike hapa niliyoyasoma kwa wanavyuoni na niliyoyaona kwa macho yangu, huenda yakamfaa msomaji na watu wa nyumbani mwake.

NJIA YENYEWE

Yafaa msafiri aijue njia anayoipita. Wazee wetu waliokwenda bara na misafara walitembea kwa miguu majuma mazima, na balaa yao kubwa ilikuwa nyika ya Taru, nchi ya miiba isiyokuwa na maji. Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa, na mwaka 1899 reli ile ikafika mahali penye maji baridi palipokuja kuwa mji wa Nairobi. Kazi ile ilifanywa na watu zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi wa Punjab. Karibu 2,500 katika hao walikufa kwa maradhi na ajali, na wengine waliliwa na simba wa Tsavo katika mwaka 1898.

Reli tunayoipanda leo ni nyingine. Ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na urefu wake ni kilomita 472. Safari iliyokuwa ikichukua usiku kucha, na mara nyingine zaidi, sasa yachukua muda wa saa tano au sita tu. Sisi watu wa makamo twaendelea kuliita gari la moshi, ingawa moshi ule wa makaa tuliousikia kwa wazee haupo tena. Jina halidhuru. Linalodhuru ni mtu kupanda gari la kasi akadhani kwamba kasi imemwondolea wajibu wake.

KUCHAGUA SIKU NA SAA

Watu wengi huchagua gari kwa kuangalia nauli au starehe. Muislamu huanza kwa kuangalia sala, khalafu huyaangalia hayo mengine. Kwa kawaida yako magari ya asubuhi, ya alasiri na ya usiku. Nyakati hubadilika, basi uliza kabla ya kununua tikiti. Lakini kanuni yake ni hii.

Gari liondokalo asubuhi, saa mbili au karibu na hapo, hufika Nairobi baada ya adhuhuri, na wakati wa Adhuhuri ungaliko. Msafiri atateremka, atatawadha, na atasali Adhuhuri na Alasiri kwa utulivu. Gari la usiku, liondokalo baada ya Isha, hufika kabla ya Alfajiri. Nalo pia halina dhiki, illa likichelewa. Lakini gari liondokalo saa tisa alasiri lina mtihani: Alasiri huingia mkiwa njiani, na gari halifiki ila usiku. Magharibi waweza kuiakhirisha uikusanye na Isha. Ama Alasiri haikusanywi na Magharibi kabisa. Basi mwenye kupanda gari hilo ajue tangu nyumbani kwamba Alasiri ataisali ndani ya gari.

Khasa jihadhari na siku ya Ijumaa. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wamekataza, kwa mtu aliyewajibikiwa na Ijumaa, kuanza safari baada ya kuchomoza alfajiri ya siku hiyo, ikiwa safari itampotezea sala ya Ijumaa wala hana dharura. Kwani siku nyingine zimekwisha? Nenda Alkhamisi au Jumamosi.

Ama mwanamke, asiende peke yake kwa sababu gari ni la salama na njia ni fupi. Na awe pamoja na mumewe au maharimu wake. Hiyo ndiyo heshima yake na ndiyo amri ya dini yake. Na watu wakiwa watatu au zaidi, tumefunzwa na Mtume wetu (s.a.w.) wamfanye mmoja wao kuwa mkubwa wa safari. Jambo hili laonekana dogo, lakini huondoa ugomvi wote wa nani akae dirishani na nani ashike tikiti.

MIZIGO NA STESHENI

Nunua tikiti mapema, kwani siku za likizo na Idi viti huisha. Chukua kitambulisho, kwa sababu tikiti huandikwa jina lako na nambari yako. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, mbali na kisiwa. Basi ondoka nyumbani na nafasi ya kutosha, ufike saa nzima kabla. Mama aliyevaa nikabu, akitakiwa kuonyesha uso ili utazamwe na kitambulisho, aombe kwa upole atazamwe na mtumishi wa kike.

Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Mtoto wa pwani aliyezoea kulala na shuka moja atatetemeka huko, khasa katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Beba sweta na soksi. Beba mswala mwepesi, na kopo dogo la kutawadhia. Chakula, uliza kwanza kama waruhusiwa kuingia nacho garini; ukiruhusiwa, pika nyumbani: mahamri, katlesi, mayai ya kuchemsha, tende na maji. Hapo utakuwa na hakika ya halali yako, na fedha zako zitabaki mfukoni. Usichukue kisu, kwani kitazuiliwa mlangoni. Matunda yakatwe nyumbani.

Hapa pana jambo ambalo wengi wameniuliza. Stesheni abiria huambiwa wapange mizigo yao chini kwa safu, na askari hupita na mbwa anusaye mizigo kutafuta vitu vya khatari. Mbwa kwa madhehebu yetu ni najisi kubwa. Je, mzigo umenajisika? Jawabu ni kwamba mbwa akinusa bila ya kugusa, hapana neno. Akigusa, na pua yake ni kavu na mzigo ni mkavu, hapana neno vilevile, kwani kikavu kwa kikavu hakitii najisi. Ukiona kwa macho yako rutuba ya pua au mate imeshika mzigo, hapo ndipo paoshwe mara saba, moja kwa udongo; na si mzigo wote, bali pale palipoguswa. Ukiwa na shaka tu, asili ni tohara, na yakini haiondolewi na shaka. Basi usimtukane askari wala usimkemee mbwa. Wote wako kazini, na kazi yao ni kulinda roho yako. Lakini tia mswala wako ndani ya mfuko, usiufunge juu yake.

NDANI YA GARI

Mkisha kukaa, mkubwa wa safari awasomeshe wenziwe dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Sura ya Zukhruf, aya ya 13 na ya 14. Dua hii yatukumbusha mambo mawili: kwamba nguvu ya kukiendesha chombo hiki si yetu, na kwamba safari zote mwisho wake ni kurejea kwa Mola wetu. Watoto waijue kwa moyo kabla ya kutoka nyumbani.

Katika daraja la kawaida viti huelekeana, na mtakaa magoti kwa magoti na watu msiowajua, wengi wao si Waislamu. Hao ni jirani zako kwa saa tano. Toa salamu za heshima, ukiwa na chakula uwakaribishe, mzuie mtoto asimkanyage mzee wa watu. Wallahi, huenda mtu yule hajapata kukaa na Muislamu maisha yake yote, na atakayoyaona kwako ndiyo atakayoyaeleza kwao. Basi usimpe la kueleza isipokuwa zuri.

Khalafu tazameni dirishani. Simu zina siku zote. Njia hii hamna ila leo. Baada ya Mariakani minazi huisha, na nyika ya Taru huanza. Baina ya Mariakani na Voi pako mahali paitwapo Mackinnon Road, na kando ya reli ya zamani pana msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, aliyekuwa nyapara wa Kipunjabi katika kazi ya reli. Waelezeni watoto khabari za Waislamu wale waliofia ugenini, na muwaombee rehema. Lakini wafunzeni pia tofauti: sisi twawaombea maiti, hatuwaombi maiti.

Ukifika Voi, ardhi ni nyekundu na milima ya Taita iko upande wa kushoto. Kutoka hapo mwaingia mbuga za Tsavo, ambazo pamoja ni zaidi ya kilomita mraba 20,000: Tsavo ya Mashariki iko kulia kwenu na ya Magharibi iko kushoto. Reli imepitishwa juu ya tuta na madaraja, na chini yake zimeachwa njia za wanyama. Ndovu wa huko ni wekundu kwa sababu hujipaka ule udongo. Baada ya Mtito Andei utaona milima ya Chyulu kushoto, na kukiwa hakuna mawingu, nyuma yake utauona mlima Kilimanjaro, mita 5,895, na theluji juu yake, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mwambie mwanao aseme Subhanallah. Mbele zaidi miti hupungua, nchi hufunguka kuwa uwanda wa majani, na mara waona majumba ya Athi River. Basi anayetaka kuuona mlima na achague dirisha la kushoto wakati wa kwenda.

SALA NJIANI

Sasa nitaeleza jambo ambalo naona haya kulieleza, lakini haya isizuie faida.

Mwaka mmoja nilikwenda Nairobi kwa harusi ya jamaa yangu, pamoja na mama watoto, kijana wangu wa miaka kumi na mmoja na binti yangu mdogo. Nililichukua gari la alasiri kwa sababu asubuhi nilikuwa na shughuli. Tulipopita Mariakani Alasiri ikaingia. Nilitazama kulia na kushoto: behewa limejaa, watu wanakula, wanacheka, wengine wanatazama simu. Nikaona taabu kusimama mbele ya macho yote yale. Moyo ukanambia, ngoja kidogo. Nikangoja mpaka Voi. Ikapita Voi.

Kijana wangu akanishika mkono, akasema: "Baba, kwani hatusali?"

Nikamjibu: "Tutasali tukifika, mwanangu. Sisi ni wasafiri."

Akanyamaza kidogo, khalafu akasema kwa adabu: "Lakini Baba, wewe ndiwe uliyetufunza chuoni kwamba Alasiri haichukuliwi mpaka Magharibi."

Sikuwa na jawabu. Miaka zaidi ya ishirini nawafunza watoto wa watu mlango wa sala ya msafiri. Na siku niliyokuwa msafiri, niliusahau kwa sababu ya kuwaonea haya watu ambao sitawaona tena. Niliinuka, nikatawadha katika choo cha gari, nikamwendea mtumishi wa behewa nikamwomba nafasi. Kijana yule, wala hakuwa Muislamu, alinipeleka kwenye uwazi ulio karibu na mlango, baina ya mabehewa mawili, akasimama upande kuwazuia watu wasitupite mbele. Tukasali mmoja mmoja, na kila mmoja haikumchukua dakika tatu. Hakuna aliyetucheka. Niliporudi kitini, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu aliniambia: "Mwalimu, nilikuwa nimekulindia kiti chako." Khofu yote ile niliitengeneza mwenyewe.

Basi ili usifikwe na yaliyonifika, shika mambo haya.

Kwanza, safari ya kupunguza sala ni ile ya marhala mbili, ambayo wanavyuoni wengi wa zama zetu wameikadiria kuwa zaidi kidogo ya kilomita 80. Nairobi yapita kadiri hiyo mara nyingi. Rukhsa huanza utakapotoka katika majumba ya mji wako, si utakapofunga mzigo. Kwa hiyo mkazi wa Mombasa apandaye gari la alasiri, Adhuhuri aisali nyumbani rakaa nne. Alasiri, gari likisha kuuacha mji, ataisali rakaa mbili.

Pili, kibla. Makka iko kaskazini ya Mombasa sawasawa, na kutoka Nairobi iko kaskazini vilevile, ikielemea mashariki kidogo. Gari liendalo Nairobi huelekea kaskazini-magharibi, basi kibla kiko mbele yako, upande wa mkono wa kulia. Wakati wa kurudi kiko nyuma yako, upande wa mkono wa kushoto. Ukitaka alama, ni jua: ukielekea kibla wakati wa Alasiri, jua liwe kushoto kwako, asubuhi, liwe kulia. Gari likikata kona nawe ungali katika sala, geuka nalo.

Tatu, sala ya faradhi ataka mtu asimame, arukuu na asujudu kwa ukamilifu. Pale penye uwazi mlangoni hayo yamkinika. Ikiwa hayakumkinika kabisa, kwa msongamano au maradhi, usiiache sala: isali kwa kadiri uwezavyo ili kuheshimu wakati, khalafu uirejee utakapofika. Ama sala za sunna, waweza kuzisali kitini ukielekea uendako.

Nne, maji yamo garini, basi hapana nafasi ya tayamamu kwa uvivu. Na maji yakikatika, hilo kopo lako, na chupa ya maji ikiwa umeruhusiwa kuingia nayo, ndiyo akiba.

MJINI NAIROBI

Gari litakuteremsha Syokimau, nje ya mji. Liko gari dogo la reli liwachukualo abiria mpaka stesheni ya zamani katikati ya mji. Nalo ni jepesi kuliko kugombana na madereva mlangoni. Ukichukua teksi, patana nauli kabla ya kupanda. Shika mkono wa mtoto wako, na simu yako isionekane dirishani.

Makao, ikiwa una jamaa, kaa kwa jamaa. Kuunga kizazi ni thawabu. Lakini usiende mikono mitupu, wala usiwe mgeni wa mwezi mzima. Ikiwa utapanga hoteli, uliza kwanza kama yauza pombe, na uchague iliyo karibu na msikiti. Mitaa ya Eastleigh ina misikiti mingi na mikahawa ya nyama ya halali. Pumwani nako kuna Waislamu wa tangu zamani, na Kiswahili utakisikia kama uko kwenu.

Msikiti mkubwa wa mji ni Jamia, uliojengwa katika miaka ya 1925 hadi 1933, wenye minara miwili na makuba ya kupendeza, na ndani ya eneo lake mna maktaba. Wapelekeni vijana huko wakasome, si wakapige picha tu. Na hapa pana mas-ala: ukinuia kukaa Nairobi siku nne kamili, bila ya kuhisabu siku ya kufika na ya kuondoka, wewe si msafiri tena tangu ulipofika, sali rakaa zako kamili. Ukinuia pungufu ya hapo, waweza kupunguza. Lakini ukisali nyuma ya imamu mkazi, kamilisha nne pamoja naye.

Kwa matembezi, mji una mambo ya faida. Jumba la makumbusho ya reli, lililofunguliwa mwaka 1971, lina magari ya zamani ya moshi. Na limo behewa ambalo ndani yake simba alimuua ofisa wa polisi jina lake Charles Ryall, huko Kima, mwaka 1900. Watoto watakumbuka waliyoyaona njiani. Iko mbuga ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1946 ukingoni mwa mji, na bustani ya miti ya Arboretum iliyoanzishwa mwaka 1907. Hayo yatosha kwa siku tatu. Ama madukani, weka kiwango cha fedha kabla ya kuingia, kwani maduka ya Nairobi hayana mwisho, na mfuko wa mwalimu una mwisho wa karibu sana.

KUREJEA

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba msafiri akisha kumaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Usikae mpaka mwenyeji achoke nawe. Wapelekee waliobaki nyumbani kitu, japo kidogo. Na ukifika, kabla ya kufungua mizigo, pitia msikitini usali rakaa mbili, kwani hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya yeye mwenyewe.

Kijana wangu yule sasa amekuwa mkubwa, na kila tusafiripo humfanya yeye kuwa mkubwa wa safari. Wakati ukiingia haniulizi tena. Huinuka tu, nami humfuata.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wote wa Kiislamu, awarejeshe salama, na asizifanye safari zetu kuwa sababu ya kumsahau. Amin. Wabillahi taufiki.